Sekretari Aliyepima Homa za Kompyuta

Mara ya kwanza kumwona, alikuwa ameinamisha uso ndani ya kompyuta ya ofisi yetu ya taaluma, ananusa. Mama mtu mzima, mwembamba, amevaa sweta la kijani juu ya gauni la kitenge, miwani kaisukuma juu kwenye paji la uso. Alinusa mara mbili, akainua kichwa, akatutazama sisi walimu tuliokuwa tumejazana mlangoni.

"Hii nani ameipiga mswaki?" akauliza.

Ulikuwa mwezi wa saba. Nilikuwa sijatimiza mwaka tangu nihamishwe kutoka Mbeya kuja Sumbawanga kufundisha sekondari, na ingawa sisi wa Mbeya tunajisifu kuwa tunaijua baridi, upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba ulinifanya nifundishe nimevaa makoti mawili. Shule nzima ilikuwa inatetemeka. Kitu pekee kilichokuwa na joto ni ile kompyuta. Kila ukiiwasha, dakika kumi hazifiki, inazima. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa ndani yake, na wazazi walikuwa wanakuja Jumamosi. Vijana wa mjini walishafuta programu zote na kuzipakia upya mara tatu, wakisema ni virusi. Mkuu wa shule ndipo akaagiza aitwe Sekretari.

Mwalimu wa fizikia akakohoa kidogo. "Ni mimi, mama. Nilisoma mtandaoni kwamba dawa ya meno inafaa."

"Inafaa," alisema. "Wiki mbili. Halafu inakauka, inakuwa chokaa. Sogea uone."

Hakumkaripia. Alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi kile kipande cha mraba kidogo kuliko kiberiti. "Hii ndiyo prosesa. Ndiyo inayofikiri, na ikifikiri inapata joto. Hili bamba la chuma linakaa juu yake kulibeba lile joto, na feni inalipuliza litoke. Katikati yao panatakiwa grisi yake maalumu, ili vishikane pasibaki hewa. Wewe umeweka ya kung'arisha." Akageuka kwetu sote. "Mashine yenu haijaharibika. Inajizima ili isiungue. Ina akili kuliko hao waliokuwa wanaipakia programu."

Akakwangua, akafuta kwa pamba yenye spiriti, akapaka grisi kiasi cha punje ya mtama, akafunga. Jioni ile tulichapa matokeo yote, na ofisi ilinukia mnanaa mpaka wiki iliyofuata.

Jina lake ninalo, lakini halikuwa likitumika, hata na yeye mwenyewe. Mjini wote walimwita Sekretari, wazee kwa vijana, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya umma. Kompyuta zilipoingia pale kuchukua nafasi ya taipureta, fundi alikuwa anatoka Mbeya, na kipindi hicho barabara ilikuwa bado ya vumbi, kwa hiyo mashine ikigoma mnamngoja fundi wiki mbili. Yeye aliniambia hakuwa na mapenzi yoyote na kompyuta. Alichoshwa na kungoja. Basi fundi akija, anampelekea chai ya moto sana, makusudi, ili akae muda mrefu akiipuliza, naye asimame pale anauliza hili ni nini na lile ni la nini. Alipostaafu, fundi alikuwa haitwi tena.

Kazi alifanyia nyumbani kwake Kizwite, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Ukifika na mashine yako hakuigusa kwanza. Alikukalisha, akakuuliza maswali kama nesi. Imeanza lini? Inazima ukiwa unafanya nini? Inakaa wapi, mezani au kitandani? Kuna nini karibu yake, jiko, ukuta, pazia? Feni yake ukiisikiliza inalia au imenyamaza? Watu wengi walijibu, "Sekretari, mimi sijui, wewe itengeneze tu." Aliwajibu kwamba hawezi kutengeneza mashine ya mtu asiyeijua, na akawarudisha nyumbani wakaitazame siku moja. Wapo waliokwenda moja kwa moja kwa vijana wa sokoni wasirudi. Hakuwafuata kwa neno.

Akishakubali, hatua ya kwanza ilikuwa kunakili kazi zako zote pembeni. Ya pili ilikuwa kuiacha iwake, huku programu fulani ndogo ikimwonyesha joto la prosesa, naye anaandika: dakika ya kwanza nyuzi ngapi, ya tano ngapi, ya kumi ngapi. Kisha anafanya kitu kimoja tu. Anapuliza vumbi, anafunga, anawasha, anaandika tena. Haijashuka? Anafungua, anabadilisha grisi, anafunga, anawasha, anaandika. Bado? Feni. Nilimwuliza siku moja kwa nini asifanye yote kwa mkupuo akaokoa saa nzima.

"Nikifanya vitatu kwa pamoja ikapona, nitajuaje ilikuwa inaumwa nini?" alisema. "Na wewe ukija mwaka kesho na tatizo lile lile, nitakuambia nini? Nitakuwa nabahatisha kama wale."

Ajabu ya yule mama ni kwamba alilaumu sana mafundi wanaoficha kazi yao, na bado daftari lake hakuna aliyeweza kulisoma. Aliandika kwa hati mkato, ile ya masekretari wa zamani, mikunjo na vijistari kama nyayo za kuku. Nilipomwambia kuwa huko nako ni kuficha, alilitazama daftari, akasema hakuwahi kuliona hivyo. Akaendelea kuandika hivyo hivyo.

Alikuwa na vita na vitambaa. Kule kwetu ofisi nyingi hufunika kompyuta kwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyenye maua pembezoni, na wengi huvisahau pale hata mashine inapowaka. Sekretari akiingia ofisi yoyote, iwe amekwenda kufuata hati au kumsalimia mtu, alipita akivivua kimoja kimoja, akavikunja, akavipanga juu ya kabati. "Wewe ungefunikwa pua ungedumu dakika ngapi?" aliwauliza wenye navyo. Mhasibu mmoja alimwambia kile kitambaa alikifuma mama yake. Sekretari akakipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akaomba aonyeshwe mshono, kisha akakitundika ukutani kwa pini.

Lakini sebuleni kwake televisheni ilivikwa kitambaa kikubwa cha kufuma, kimening'inia mpaka chini. Nilivumilia miezi mingi, mwisho nikauliza.

"Ile ni mbovu," alisema. "Tangu zamani."

"Sasa si uitengeneze?"

"Nikiitengeneza watu watakuja kuangalia mpira."

Kwa hasira alikuwa mwepesi, na akikasirika alihamia Kifipa, ambacho mimi sikukijua, kwa hiyo sijawahi kuelewa aliniambia nini siku nilipokuja na mashine niliyoijaza maji ya matunda. Hasira yenyewe haikudumu. Alikuwa akimaliza kusema anakwenda jikoni na kurudi na ugali wa ulezi na maharage, anakuwekea mbele, na usipomaliza sahani anaanza upya.

Niliwahi kumsindikiza Ilemba, kule chini bondeni, ambako jamaa mmoja alifungua duka la kuchapa na kutoa nakala. Tuliteremka milima ile na makoti yetu, tukafika tukayavua, jasho linatutoka. Kompyuta yake ilikuwa haifiki nusu saa kabla ya kuzima. Yule bwana alikuwa ameshaamini kwamba ni jua la bondeni na hakuna dawa. Sekretari alisimama mlangoni, akasikiliza, akauliza ule mngurumo ni wa nini. Ulikuwa mashine ya kusaga mahindi, nyumba ya pili.

Alipofungua, katikati ya mapezi ya lile bamba palikuwa pamejaa unga ulioshika unyevu ukagandamana.

"Bwana," alisema, "hapa tumekuta ugali."

Wateja walicheka, mwenye duka akacheka kwa shida. Alimwambia ahamishie meza ukuta wa upande wa pili, mbali na dirisha linaloelekea mashine. Yule bwana akaeleza kwamba pale dirishani ndipo wateja wanapomwona. Sekretari hakubishana. Alivua viatu, akaanza kuisukuma meza mwenyewe, na mama wa umri ule akisukuma meza yako mbele ya wateja wako, utafanya nini? Tulisukuma wote.

Nimesema mazuri yake kwa urahisi. Hili la katekista wa Mpui ni gumu, lakini nikiliacha nitakuwa nimeandika mtu mwingine.

Yule katekista alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, mpole, sauti yake ya chini. Kwa miaka mingi alikuwa anakusanya maneno ya Kifipa kwenye kompyuta ya mkononi aliyopewa na ndugu yake. Majina ya nyasi, ya vyungu, ya magonjwa ya ng'ombe, maneno ya kumwita mkwe na ya kumpoza mtoto, maneno ambayo wanawe hawakuwa wanayajua tena. Aliileta imefungwa kwenye shuka. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kusalimia.

"Shikamoo, Sekretari."

"Marahaba, mwanangu. Imepatwa na nini?"

"Inazima kabla sijamaliza ukurasa. Na kwa chini inaunguza, siwezi kuipakata. Ila nina haraka, gari la Mpui linaondoka saa nane na kesho nina mafundisho ya ubatizo."

Wiki ile alikuwa ameponya mashine nyingi mfululizo, na nadhani mkono wake ulikuwa umeshaanza kujiamini kupita kiasi. Hakuuliza maswali. Hakunakili. Hakuandika chochote. Alifungua, akapuliza, akabadilisha grisi na kusafisha feni, vyote kwa mara moja, huku akimwuliza habari za mvua. Akawasha. Katekista akafungua faili lake kuona kama lipo, likafunguka, akatabasamu. Joto likawa bado linapanda.

"Bamba halijakaa vizuri," Sekretari alisema. Hakuizima vizuri wala kulifunga faili. Alichomoa umeme na betri, akafungua, akakaza bamba upande mmoja. Prosesa za mashine zile za zamani ziko wazi bila kifuniko, kama kioo kitupu, zinataka zikazwe kidogo huku kidogo kule. Nikasikia kitu kimelia, kidogo, kama mtu ametafuna jiwe kwenye wali. Yeye alikisikia kabla yangu. Mikono yake ilisimama hapo hapo.

Ile mashine haikuwaka tena. Kona ya prosesa ilikuwa imemeguka.

Alitoa diski, akaiunganisha kwenye mashine yake. Maneno ya miaka ya mwanzo yalikuwemo, katika nakala ya zamani. Faili alilokuwa analitumia sasa, lile lililokuwa wazi umeme ulipochomolewa, lilionyesha alama zisizosomeka kuanzia juu mpaka chini. Alijaribu mpaka gari la saa nane likaondoka. Katekista alikaa kwenye kiti, shuka lake mapajani.

"Ni mimi," Sekretari akamwambia. "Nilitakiwa kunakili kwanza. Nimekuharibia."

Katekista alianza kulikunja shuka. "Mengine alinipa mama," alisema. "Alikuwa amelala hospitali, ananitajia, naandika. Sasa hayupo."

Alipoondoka yule bwana nilijaribu kumfariji Sekretari. Nilimwambia mashine yenyewe ilikuwa inazima ovyo kila siku, huenda faili lilishaharibika kabla. "Lilifunguka," alinijibu. "Uliliona na mimi niliona. Usinipe pa kujifichia, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata alipanda gari akaenda Mpui. Alimpelekea katekista kompyuta yake mwenyewe ya mkononi, ile aliyokuwa anaitumia kupimia nyingine, na daftari jipya. Akamwambia awaite wazee wote ambao mama yake alikuwa anakaa nao.

Alikwenda Jumamosi baada ya Jumamosi, msimu mzima wa kulima, barabara ya kutoka kituoni ikiwa tope tupu. Nilifuatana naye mara moja. Tulikaa ndani ya nyumba ya katekista, mvua inapiga bati, vibibi wanne na mzee mmoja wamekaa kwenye mkeka na viti. Wao walizungumza tu, kwa kasi yao, wanakatizana, wanabishana neno hili ni la palizi ya kwanza au ya pili. Hakuna mtu wa kawaida angeweza kuwaandika. Sekretari aliandika kila kitu, hati mkato, kalamu haiinuki, hawakuhitaji kurudia. Bibi mmoja akachungulia daftari.

"Mbona unachora ndoano?" akauliza kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Ndiyo sauti yako hiyo, dada," Sekretari alisema. Akamsomea kwa Kifipa, kutoka kwenye zile ndoano, maneno aliyokuwa ameyasema muda mfupi uliopita, na kikohozi chake akakiweka. Vibibi walicheka mpaka mmoja akalala chali.

Kila Jumapili baada ya misa alikaa Kizwite akiyahamisha kwa hati ya kawaida, akayachapa. Yote hayakurudi. Katekista aliniambia baadaye kwamba yapo maneno ya mama yake ambayo wazee hawakuyakumbuka, na anajua ni yapi kwa sababu nafasi yake anaiona. Aliniambia pia kwamba walipata mengine ambayo hakuwa nayo kabisa. Kama alimsamehe sikumwuliza. Najua kwamba kila baada ya mavuno gunia la ulezi lilikuwa linafika Kizwite, na Sekretari alikuwa analia kila likifika, kisha anamkaripia aliyelileta kwa kulishusha vibaya.

Tangu hapo hakuwahi tena kukubali haraka ya mtu. Mwenye haraka aliambiwa, kwa upole ambao Sekretari hakuwa nao zamani, "Basi nenda nayo, urudi siku ukiwa na nafasi."

Nilirudishwa Mbeya. Tulisalimiana kwa simu, siku za sikukuu zaidi. Mwaka huu nilikwenda Sumbawanga kufuatilia barua zangu za utumishi, nikamaliza siku moja kabla ya safari, nikapata asubuhi ya kumtembelea. Basi langu lilikuwa la saa sita mchana.

Nilimkuta amekaa dirishani. Nilipomwamkia aligeuza sikio, si macho, ndipo nikajua. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anangoja zamu ya upasuaji, alisema, kama anayengoja zamu ya kusaga. Mezani hapakuwa na mashine hata moja.

"Hicho ulichokiweka chini ni kompyuta," alisema. "Feni yake inahema."

Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeiwasha kumwonyesha picha za wanangu, nikasahau kwamba hataziona. Nilimwambia kweli, siku hizi inapata moto, nitampelekea fundi Mbeya.

"Bisibisi ziko droo ya kulia," alisema. "Kaa mezani."

"Sekretari, mimi sijawahi kufungua hata redio."

"Najua. Umenakili kazi zako?"

Nilikuwa nimenakili. Alinihoji yale maswali yake yote, kisha akanielekeza, mikono yake imelala mapajani. Geuza. Tafuta tundu zote, hata zilizo chini ya raba. Skrubu unazozitoa weka kwenye kisahani hicho cha chai. Usivute kwa nguvu, pitisha ukucha. Nilipuliza vumbi, tukapima. Nilipolifikia lile bamba nilitokwa na jasho. Nilipaka grisi, nikakaza kidogo huku, kidogo kule, mara nne, yeye akihesabu kwa sauti. Tukapima tena, mimi nikimsomea namba na yeye akitikisa kichwa. Joto lilishuka. Nilifunga kifuniko nikamwambia imekwisha, na nilijisikia kama mtu aliyejifungua salama.

Hakunipongeza. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Nilisikia skrubu kumi na moja zikiingia kwenye kisahani," alisema. "Zimetoka kumi."

Nikatazama. Kisahani kilikuwa kitupu. Nikatazama chini ya meza, kwenye sketi yangu, sakafuni. Haikuwepo popote ila ndani ya mashine.

"Saa tano na nusu, Sekretari," nikasema. "Basi linaondoka saa sita."

"Litaondoka," alisema. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kisahani, akanisogezea. "Fungua tena. Polepole. Na wewe leo utalala hapa, jikoni kuna unga."

Nilichukua bisibisi, nikafungua.